Magurudumu Yasiyolingana

Mji wa Garissa umekaa ukingoni mwa Mto Tana, takriban kilomita 370 mashariki ya Nairobi. Hadi mwaka 2013 ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Tangu hapo umekuwa makao makuu ya Kaunti ya Garissa. Mgeni aufikiaye kwa mara ya kwanza huyaona mengi ya kumshangaza: jua lisilo na huruma, ngamia wanaovuka barabara kwa madaha yao, mikokoteni ya punda inayosomba maji mtaa hadi mtaa. Aghalabu baiskeli haimo katika orodha hiyo, kwani baiskeli iko kila mahali na macho yamekwisha kuizoea. Hata hivyo, atakayesimama akaitazama vyema baiskeli ya Garissa atagundua kwamba mara nyingi gurudumu la mbele si ndugu wa gurudumu la nyuma. Moja ni kubwa, jingine dogo; moja limevaa tairi pana la vinundu, jingine tairi jembamba lililosuguliwa likawa laini kama kiganja. Mgeni huyo atacheka na kusema kuwa huo ni umaskini. Huenda hakukosea. Lakini pia huenda hakuona yote.

Ardhi yenyewe ndiyo mwalimu wa kwanza katika somo hili. Barabara kuu zina lami, bali njia nyingi ziendazo ndani ya mabula, kama wenyeji waitavyo mitaa yao, ni za mchanga. Tairi jembamba lililojazwa upepo hadi likawa gumu hukata mchanga kama kisu kikatavyo mkate, likazama. Mwendeshaji hulazimika kushuka na kusukuma. Tairi pana lenye upepo wa wastani hutandaza uzito juu ya eneo kubwa zaidi, likaelea. Kwa hiyo, katika mchanga, upana wa tairi una uzito kuliko hata ukubwa wa gurudumu. Juu ya mchanga huo ipo miiba: ya migunga ya asili, na ya mathenge, mti wa kigeni ulioletwa katika sehemu kame za Kenya katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa, ukaishia kujitwalia nchi. Tairi lenye upepo kidogo hupita mchangani kwa raha, lakini hujikunja zaidi na kuikumbatia miiba. Ndiyo maana mafundi hulichukua tairi kuukuu, wakalikata kingo zake zenye waya, wakalilaza ndani ya tairi zima liwe ngao ya tyubu. Hapo tayari kuna tairi ndani ya tairi, na hakuna aliyeuliza kama vipimo vyake vinawiana.

Mwalimu wa pili ni soko. Baiskeli zilizozoeleka tangu zamani nchini Kenya ni zile nzito nyeusi ziitwazo mamba, zenye breki za vyuma na magurudumu ya inchi 28. Baadaye zikaja baiskeli za gia, yaani zile zilizobuniwa kwa ajili ya milima, zenye magurudumu ya inchi 26 na matairi manene. Nyingine zilifika mpya kutoka Uchina na India, nyingine zikafika za mitumba kutoka Ulaya, kila moja na vipimo vya kwao. Baiskeli husafiri nzima, lakini vipuri vyake huja kwa mafungu, kwa basi au kwa lori, kulingana na kile ambacho mfanyabiashara wa Nairobi amekiona kina wanunuzi wengi. Kilichopo dukani Garissa leo si lazima kiwe kile kilichovunjika leo.

Hapa ndipo linapozuka tatizo ambalo mwanafunzi wa lugha atalitambua mara moja. Nambari iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni neno, na kama maneno mengine, laweza kuwa na maana zaidi ya moja. Mtu asemapo "paa", msikilizaji hana budi kuuliza kama ni paa la nyumba, paa wa mwituni, au kupaa angani. Vivyo hivyo, mtu asemapo "inchi 26", fundi mwenye busara huuliza: ipi? Kipimo cha kweli ni kipenyo cha mahali ambapo ukingo wa tairi unaketi juu ya rimu. Kwa baiskeli za gia za kawaida kipenyo hicho ni milimita 559. Lakini yapo matairi mengine yaitwayo 26 ambayo kipenyo chake ni milimita 571, 584, 590 au 597. Nambari 28 nayo ina ukoo wake: 622, 635 na 642. Mamba hutumia 635. Anayenunua tairi la 622 akitumaini kulivalisha rimu ya mamba atatoka jasho bure, maana milimita 13 hazivutiki kwa nguvu za mikono. Na anayelivalisha tairi la 635 juu ya rimu ya 622 ataliona likiruka nje mara tu pampu inapoanza kazi. Ndiyo sababu matairi mengi hubeba nambari ya pili, ndogo, kwa mfano 54-559, ambamo namba ya kwanza ni upana na ya pili ni kipenyo. Nambari hiyo ndogo haidanganyi. Kwa bahati mbaya, ndiyo ya kwanza kufutika.

Kisa cha kijana mmoja wa Madogo, ng'ambo ya daraja la Tana, chaweza kulifafanua jambo hili vyema kuliko hesabu. Mama yake ni miongoni mwa wanawake wanaouza maziwa ya ngamia mjini. Maziwa hayo hutoka malishoni, yakatumwa kwa gari na wanawake wengine ambao huenda hawaonani na muuzaji kwa miezi. Biashara yote imesimama juu ya uaminifu: maziwa yaende, pesa zirudi, na kwa pesa hizo sukari na unga vipelekwe kule yalikotoka maziwa. Kijana huyu, aliyekuwa kidato cha nne, alikuwa kiungo kimoja katika mnyororo huo. Alfajiri aliyapokea madumu pale gari liliposimama, akayafunga kwenye karia ya baiskeli yake ya gia, akayafikisha sokoni kabla ya kwenda shule. Siku moja gurudumu la nyuma lilitumbukia shimoni likiwa na madumu mawili ya lita 20. Madumu hayakupasuka. Rimu ilijikunja ikawa kama sambusa.

Fundi aliyemwendea alikuwa mzee wa Kipokomo, mtu wa mtoni, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amefanya kazi chini ya mwarobaini karibu na soko. Kijana ni Msomali. Walisalimiana kama wasalimianavyo watu wa mji ule.

"Assalaam aleikum, abti."

"Waaleikum salaam, abti. Umeleta mgonjwa?"

Neno hilo "abti" ni mjomba kwa Kisomali, na lina tabia moja ya kupendeza: mjomba naye humwita mpwa wake abti. Mkubwa na mdogo huitana kwa jina lile lile bila mmoja kumpunguzia mwenzake heshima.

Mzee aliligeuza gurudumu, akatikisa kichwa. Gurudumu la 559 la nyuma hakuwa nalo, na duka la jirani halikuwa nalo pia. Alikuwa na mawili tu. La kwanza lilikuwa la mamba. Hilo halikuhitaji mjadala: nusukipenyo chake kinazidi kile cha baiskeli ya gia kwa milimita 38, na tairi lingeigonga fremu kabla ya kuzunguka mara moja. La pili lilitoka kwenye baiskeli ya mtoto, inchi 24, kipenyo milimita 507. Hilo lingeingia.

"Basi lifunge, abti," kijana alisema. "Maziwa hayangoji."

"Litaingia," mzee alijibu. "Lakini breki je?"

Swali lile ndilo kiini cha mambo. Breki za baiskeli ile zilikuwa za kubana rimu kwa vipande viwili vya mpira, na viguu vyake vimechomelewa kwenye fremu mahali palipopimwa kwa ajili ya rimu ya 559. Rimu ya 507 iko milimita 26 chini zaidi. Kijana angevuta breki, na vile vipande vingebana ubavu wa tairi badala ya chuma. Kwa siku chache baiskeli ingesimama, kwa namna fulani. Kisha ubavu ungelika, tyubu ingechungulia nje, na ingepasuka. Na mpasuko wa namna hiyo hauchagui mahali. Kati ya Madogo na soko pana daraja, pana ukaguzi wa askari, pana malori na magari ya abiria yanayosongamana na punda na waendao kwa miguu. Madumu mawili ya maziwa yana uzito wa zaidi ya kilo 40. Baiskeli inayobeba kilo 40 nyuma na kukosa breki nyuma haimtishi mpanda wake peke yake.

Mzee aliyaeleza hayo bila kupaza sauti. Kijana alisimama kimya, akiupigia hesabu mkoba wa mama yake. Gurudumu sahihi lingeagizwa Nairobi na kuja kwa basi baada ya siku kadhaa. Siku kadhaa bila kupeleka maziwa ni siku ambazo wanawake wa malishoni wangetafuta muuzaji mwingine, na akishapatikana, haachwi kwa urahisi. Hatimaye walikubaliana hivi: gurudumu la 24 lifungwe, breki ya nyuma iondolewe kabisa ili asije akaitumia kwa mazoea, breki ya mbele, ambayo bado ililingana na rimu yake, ipewe mipira mipya na waya mpya, na kijana ashuke na kuisukuma baiskeli kila afikapo darajani.

"Ukiapa, nafunga," mzee alisema. "Usipoapa, chukua baiskeli yako."

Kijana aliapa. Gurudumu likafungwa.

Yaliyofuata yanastahili kuelezwa kwa utaratibu, kwa sababu ndiyo yanayoeleza baiskeli ya magurudumu mchanganyiko ni kitu gani. Kwanza, sehemu ya nyuma ilishuka, na baiskeli yote ikaegemea nyuma kwa takriban digrii moja na nusu. Mwegemo huo unaonekana mdogo kwa macho, lakini uma wa mbele uliponyooka kuelekea mbele zaidi, usukani ukawa mzito kidogo wa kugeuka na thabiti zaidi katika mwendo wa moja kwa moja. Mchangani hilo ni faraja: gurudumu la mbele halikuyumbayumba kama zamani. Pili, gurudumu dogo husafiri masafa mafupi zaidi kila linapozunguka mara moja, hivyo kila gia ikawa nyepesi kwa karibu asilimia tisa. Kuondoka pale mahali, na mzigo mgongoni, kukawa rahisi. Kukimbia kwenye lami kukawa kwa miguu kuzunguka mbio. Tatu, mzigo ulishuka karibu na ardhi, na mzigo wa chini hauyumbishi kama wa juu. Nne, pedali nazo zilishuka, zikaanza kugonga kingo za makorongo. Tano, tandiko liliinamia nyuma, na kiuno cha kijana kikalalamika hadi mzee alipolirekebisha kwa spana. Kila faida ilikuja na dai lake.

Wala si Garissa pekee ambako mambo haya yamejulikana. Historia ya baiskeli ilianza kwa kutolingana. Katika miaka ya 1870, kule Uingereza, baiskeli ya fahari ilikuwa na gurudumu kubwa mno mbele na dogo mno nyuma. Sababu haikuwa urembo: pedali zilifungwa kwenye gurudumu la mbele lenyewe, bila mnyororo, na gurudumu kubwa ndilo lililoleta kasi. Mnyororo ulipokuja na kuenea, hasa baada ya baiskeli ya Rover ya John Kemp Starley ya mwaka 1885, haja ya jitu la mbele ikafa, na magurudumu yakakaribiana hadi yakalingana. John Boyd Dunlop alipolitengeneza tairi lake la upepo huko Belfast mwaka 1888, starehe ambayo awali ilitafutwa kwa gurudumu kubwa ikapatikana kwa hewa.

Hata inchi 26 ya baiskeli za milimani haikuteuliwa na mtu aliyeketi akapiga hesabu ya milima. Kampuni ya Schwinn ya Marekani ilianza kuuza matairi manene ya ukubwa huo mwaka 1933, kwa baiskeli za barabarani. Miaka ya 1970 vijana wa California walizitafuta baiskeli hizo kuukuu, kwa kuwa ndizo zilizohimili kuteremshwa kwenye njia za mawe. Mashindano yao maarufu ya Repack yalianza mwaka 1976. Kutoka kwao ukubwa huo ukarithiwa na dunia nzima. Na kulingana kwenyewe hakukuwa amri ya maumbile. Baiskeli ya kwanza ya milimani ya kampuni ya Cannondale, katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa na inchi 26 mbele na 24 nyuma, jozi ile ile aliyoifunga mzee chini ya mwarobaini. Pikipiki za mashindano ya udongoni nazo zimezoea gurudumu kubwa mbele, ambalo hupanda juu ya vikwazo kwa wepesi, na dogo nyuma. Mwishoni mwa miaka ya 2010 mashindano ya baiskeli za kuteremka milima yaliruhusu mchanganyiko huo, na sasa waendeshaji wengi wenye majina hutumia milimita 622 mbele na 584 nyuma. Wao hulipa fedha nyingi kwa jambo ambalo kijana wa Madogo alilipata kwa kukosa.

Lakini kukosa na kuchagua havifanani, na mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili anayo istilahi ya kueleza tofauti hiyo. Shairi ambalo mizani au vina vyake vimeharibika kwa sababu mtunzi hakujua au hakujali huitwa guni. Shairi ambalo mshororo wake wa mwisho umefupishwa kwa makusudi, ili kibwagizo kidunde peke yake, huitwa msuko. Ukihesabu mizani tu, vyote viwili vina mishororo isiyolingana. Ukisoma kwa sikio, kimoja kinachechemea na kingine kinacheza. Tangu Kaluta Amri Abedi alipochapisha kanuni zake za utunzi mwaka 1954, na hasa baada ya *Kichomi* cha Kezilahabi kutoka mwaka 1974, wasomi wamebishana mno juu ya usawa wa mizani, kana kwamba swali ni kama mishororo ilingane au isilingane. Fundi wa baiskeli angewashauri waulize swali lake: je, breki inafika kwenye rimu? Yaani, kilichobadilishwa mahali pamoja, je, kimejibiwa mahali pengine? Msuko humfupisha mshororo mmoja, kisha ukaupa mshororo huo kazi inayofaa ufupi wake. Guni hufupisha na kusahau.

Baiskeli yenye gurudumu dogo nyuma na breki inayosugua tairi ni guni. Baiskeli hiyo hiyo, breki ikishapangwa upya, tandiko likisharekebishwa na mwendeshaji akishafundishwa kuinua pedali penye korongo, ni msuko.

Ubora wa kulingana nao usipuuzwe. Magurudumu yanayolingana yanahitaji tyubu moja tu ya akiba, na tairi lililochakaa nyuma laweza kuhamishiwa mbele likamalizie maisha yake huko. Katika nchi ambayo duka la karibu laweza kuwa umbali wa siku nzima, hoja hiyo ina nguvu kuliko digrii moja na nusu ya mwegemo. Kwa mtu aendaye mbali peke yake, kulingana ni usalama. Kwa mtu abebaye mzigo mzito katika mitaa ya mchanga, na fundi wake yu karibu, kutolingana kwaweza kuwa hekima. Hakuna kanuni iliyo juu ya safari yenyewe.

Siku kumi zilipita kabla ya gurudumu la 559 kushuka kutoka kwenye basi. Kwa siku zote hizo maziwa yalifika sokoni, na walinzi wa daraja waliizoea sura ya kijana aliyeisukuma baiskeli nzima kana kwamba imeharibika. Mzee aliliegemeza gurudumu jipya kwenye mti, akamwachia mteja wake uamuzi: kurejesha la kwanza, au kubaki na la 24 kwa kuvikata viguu vya breki na kuvichomelea upya milimita 26 chini. Alimweleza bila kumficha kwamba chuma kikikatwa hakirudi kilivyokuwa, na kwamba tairi la 24 lililo imara ni adimu kuliko la 26.

Kijana aliomba siku moja ya kufikiri. Alimuuliza mama yake, naye akauliza swali moja tu: lipi litamfikisha mwanawe nyumbani ikiwa fundi hayupo? Kesho yake alirudi, akaomba lifungwe la 559. Lile dogo hakuliacha. Alilinunua, na mzee akalifunga kwenye mkokoteni mdogo wa mkono wa jirani yao, mwanamke auzaye mboga, ambaye gurudumu lake moja lilikuwa limekufa. Mkokoteni huo sasa unaegemea upande. Mwenye mkokoteni ameshajua, na mboga nzito huzipanga upande ulioinuka.